Nani Aliyekuna Nazi? Jalada la Desturi za Wasuaheli na Jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari

Utangulizi

Likizo iliyopita nilikuwa Kerege kwa bibi yangu mzaa mama. Katika mkoba nilikuwa na fotokopi ya kitabu kikongwe, Desturi za Wasuaheli, nikijiandaa kwa semina. Jioni moja bibi alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi, na mimi nimekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, namsomea kwa sauti sehemu inayohusu mambo ya mwali. Alisikiliza, akacheka kidogo, akasahihisha jambo moja ambalo sitalitaja hapa, kisha akauliza:

"Kaandika nani hayo, mume wangu?"

"Mzungu mmoja, bibi. Mjerumani, anaitwa Velten. Zamani hizo, mwaka 1903."

Mkono ukasimama juu ya mbuzi.

"Mzungu? Mzungu gani anayajua haya, tena kwa Kiswahili cha hapa hapa? Hebu nambie vizuri. Huyo ndiye aliyepakua. Nazi kakuna nani?"

Nilicheka, tukaendelea na mapishi. Lakini swali lile sikulala nalo vizuri. Katika insha yangu ya mwaka wa pili nilikuwa nimeandika "Velten anaeleza kuwa" na "kwa mujibu wa Velten" mara nyingi tu, nikapata alama nzuri, na hakuna aliyenisahihisha. Makala haya yanakusudia kulijibu swali la bibi. Nadai kwamba jina lililokaa juu ya jalada lile si jambo dogo la uchapaji. Ni hoja ya kiitikadi kuhusu nani anaweza kuwa mwandishi na nani hawezi, na hoja hiyo bado tunaibeba sisi wanafunzi wa fasihi bila kujua.

Vyombo na kazi zake

Msomaji uliyekulia pwani utanisamehe, na wewe wa bara utanivumilia, maana hapana budi tupite jikoni kwanza. Ili wali wa nazi uive, vyombo hupokezana kazi. Mbuzi ndiyo yenye meno. Mpishi hukikalia kibao chake, akainama, akakuna mpaka mgongo ukauma. Kisha kifumbu hukamua: tui linatoka, machicha yanabaki. Siku hizi wengi wana chujio la plastiki, ila kazi ni ile ile. Halafu chungu au sufuria. Mwisho kabisa unakuja upawa, wa kupakulia. Sasa tazama: mgeni aliyekaa ukumbini haioni mbuzi wala kifumbu. Anachokiona ni mkono ulioshika upawa, na sifa zote za mapishi huuendea mkono huo.

Kitabu nacho ni hivyo hivyo. Yupo anayekuna, yupo anayechuja, yupo anayepakua. Mhariri ni kifumbu. Kazi yake ni ya kweli, na vitabu visivyochujwa tunavijua, ukivisoma unatafuna machicha. Kwa hiyo mimi sina ugomvi na kifumbu. Ugomvi wangu ni pale kifumbu kinapojiita nazi.

Carl Velten alikuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani huku pwani kati ya 1893 na 1896, kisha akaenda kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin. Alikusanya maandishi ya Waswahili, akayapanga na kuyapeleka kwa mchapishaji. Mwaka 1903 kikatoka Desturi za Wasuaheli mjini Göttingen, kwa Vandenhoeck & Ruprecht, na mwaka huo huo ikatoka tafsiri yake ya Kijerumani. Majalada yote mawili yana jina moja: Velten. Hata neno "Wasuaheli" lenyewe limeandikwa kwa sikio la Kijerumani. Watu wenye kitabu hawakuachiwa hata tahajia ya jina lao.

Tuwe waadilifu. Dibaji ya Velten haimfichi kabisa aliyeandika. Lakini dibaji ni ua wa nyuma wa kitabu, wachache hufika huko. Maktaba haipangi vitabu kwa dibaji, wala mwanafunzi aliyebanwa na muda hanukuu dibaji. Ananukuu jalada. Mimi ni shahidi.

Mkono uliokuna

Aliyekuna nazi, kwa sehemu kubwa, ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa mnamo 1869, mtu wa Dunda, Bagamoyo, mwendo wa daladala tu kutoka jikoni kwa bibi yangu. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika seminari ile ile ya Velten. Yaani kitabu kilipotoka mwaka 1903, mwandishi wake mkuu hakuwa ameketi chini ya mnazi akisubiri kuulizwa maswali. Alikuwa Berlin, mwalimu, darasani, katika taasisi moja na yule aliyewekwa kwenye jalada. Asitokee mtu akasema kwamba hakupatikana.

Kilichomfika baadaye kinatufafanulia jalada. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 akaacha kazi Berlin, akataka kurudi kwao na mkewe. Serikali ya koloni haikukubali mume mweusi na mke mweupe waishi pwani kama watu na ndoa yao, nao wakalazimika kurudi Ujerumani. Baadaye alifanya kazi Hamburg na Carl Meinhof, yule mtaalamu mkubwa wa lugha za Kibantu. Alifariki Berlin mwaka 1927. Bagamoyo hakuiona tena.

Linganisha mambo hayo mawili. Dola ilimhitaji Mtoro awafundishe maofisa wake kuzungumza na watu wa Bagamoyo, kisha ikamzuia yeye asirudi kukaa na watu wa Bagamoyo. Kitabu kilimhitaji Mtoro ajue, kisha kikamzuia asiitwe mwandishi. Mantiki ni moja. Sisemi Velten alimchukia Mtoro, sina ushahidi huo na wala siuhitaji. Ubaguzi wa rangi katika uchapishaji unaweza kwenda bila chuki ya mtu yeyote. Unachohitaji ni mgawanyo wa kazi tu: mweusi anajua, mweupe anaandika. Mweusi anaitwa mtoa habari, mweupe anaitwa mtunzi. Ndipo linapokuja lile la kushika kisu, mmoja mpini na mwenziwe makali.

Tukiingia katika fani ndipo dai la utoaji habari linapovunjika kabisa. Mtoa habari hujibu maswali. Desturi haijibu maswali, inasimulia. Inamchukua mtu tangu mamaye ana mimba, ikampitisha utotoni, jandoni au unyagoni, ndoani, maradhini, mpaka kifoni na katika mirathi. Ada za ndoa zinatajwa kwa majina yake, kilemba cha baba na mkaja wa mama, na watu wanasikika wakisemezana. Muundo huo una mtu nyuma yake, aliyeamua kipi kitangulie na kipi kifuate. Tena ana jicho lake na upande wake, kama nitakavyoonyesha. Kwa kigezo chochote cha uhakiki tunachofundishwa darasani, huyo ni mwandishi.

Safari ina mwenyewe, desturi haina

Najua jibu litakalokuja: "Bwana, hiyo ilikuwa desturi ya wakati ule, usiuhukumu mwaka 1903 kwa macho ya leo." Hoja nzuri, isipokuwa inakanushwa na Velten mwenyewe.

Miaka miwili kabla, mwaka 1901, mhariri yule yule alichapisha Safari za Wasuaheli kwa mchapishaji yule yule. Humo kila safari ina msafiri wake. Kuna Sleman bin Mwenye Chande na safari ya bara. Kuna Salim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia. Na yupo Mtoro bin Mwinyi Bakari mwenyewe, na safari yake ya Udoe hadi Uzigua. Hapo Velten ni mkusanyaji na mhariri, lakini majina ya wenyewe yamo ndani, na kila simulizi inasoma kama mali ya mtu. Kumbe mwaka 1901 ilijulikana kabisa namna ya kuchapa jina la Mwafrika juu ya maandishi yake.

Nini basi kilibadilika? Naona ni aina ya maandishi. Safari ina mwenyewe. Lazima iwe na miguu ya mtu fulani, na huwezi kusema kabila zima lilikwenda Siberia. Lakini desturi, kwa fikra za wataalamu wa kikoloni, haina mwenyewe, ni ya "wenyeji" wote kwa jumla. Kwa hiyo mtu mmoja mwenye akili yake na kalamu yake, akiandika juu ya safari ni Mtoro, akiandika juu ya desturi anageuka kuwa kabila. Na kabila haliwekwi kwenye jalada. Ndiyo maana nasema jalada lile ni hoja. Linatuambia kwamba Mwafrika anaweza kusafiri, lakini kuijua jamii yake na kuieleza kwa fikra iliyopangika, hiyo ni kazi ya mwingine.

Fikra hiyo haikuondoka na Wajerumani. Padri Charles Sacleux aliishi Unguja na Bagamoyo, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikachapishwa Paris katika miaka ya 1939 na 1941. Ni kazi ya jasho, naye anastahili heshima yake. Lakini maneno ya jikoni hayaokotwi barabarani. Ili padri ajue kata inatofautiana vipi na upawa, na chicha si tui, lazima kuna mtu aliyekuwa na vyombo hivyo mkononi akamwambia. Padri hakalii mbuzi. Jalada la kamusi lina jina moja. Hali kadhalika ile Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, iliyokaa kuamua Kiswahili Sanifu ni kipi na kitabu gani kinafaa shuleni: kwa miaka mingi ya mwanzo wajumbe wake walikuwa Wazungu. Kifumbu kilikuwa chao, na tui lilipita kwa ukubwa wa matundu yao.

Upawa ulipohamia

Baada ya uhuru mambo yalibadilika polepole. Mwaka 1965 Lyndon Harries alitoa kwa Kiingereza uteuzi wa maandishi haya, na katika kichwa kidogo cha kitabu bado yanaitwa mali iliyokusanywa na Carl Velten. Ilibidi tungoje hadi 1981, ilipotoka California tafsiri ya J.W.T. Allen iliyohaririwa na Noel King, ndipo jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari likapanda kwenye jalada, pamoja na "Waswahili wengine". Miaka 78! Mwaka 2009 Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walichapisha wasifu wa Mtoro ulioandikwa na Ludger Wimmelbücker. Hapo mchapishaji ni wa nyumbani, jambo la kushukuru, ila lugha ni Kiingereza. Mtu aliyeandika desturi zetu kwa Kiswahili, sisi tunamsoma maisha yake kwa Kiingereza.

Kuna njia nyingine iliyopita maandishi haya, nayo ni ya ajabu. Wahakiki wameonyesha kwamba Abdulrazak Gurnah katika riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 amechota kwa wale wasafiri wa mwaka 1901. Gurnah akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka 2022 riwaya ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Maneno yaliyotoka pwani kwa Kiswahili yalizunguka Ulaya miaka 120, yakarudi pwani kwa Kiswahili. Mimi nafurahi. Lakini katika darasa letu, ni wangapi waliomsoma Gurnah wakawahi kulisikia jina la Salim bin Abakari?

Jikoni kwa Mtoro nako

Ningeweza kuishia hapa, Mjerumani ana kosa na Mswahili kadhulumiwa, tukapiga makofi. Bibi hakuniachia. Nilipomweleza siku ya pili kwamba mwandishi si Mzungu, ni mwanamume wa Dunda, alifurahi kama nimemtajia jamaa. Kisha akanigeukia.

"Haya. Na huyo mwanamume wa Dunda unyagoni kaingiaje?"

Kwa kweli kaingiaje? Mwanamume wa Bagamoyo hakukaa na mwali. Hakushika mtoto wakati wa kuzaliwa. Hakujua chungu cha dawa ya mzazi kinatiwa nini mpaka aambiwe na mama, dada, mke au mkunga. Basi nyuma ya Mtoro wako wanawake waliokuna kabla yake, na majina yao hayamo, si kwenye jalada wala kwenye dibaji. Aliyepokonywa upawa alikuwa na upawa wake naye.

Aidha, Mtoro anatazama kwa jicho la mwungwana. Watu wa bara kwake ni washenzi. Watumwa anawaeleza kwa kirefu, aina zao, kazi zao, adabu zao kwa bwana, lakini anawaeleza kama mtu aliyezoea kuhudumiwa nao. Na katika nyumba nyingi za waungwana wa pwani mwaka 1890, aliyekalia mbuzi na kutwanga kinuni alikuwa nani kama si mjakazi? Kumrudishia Mtoro jina lake ni haki, na ni mwanzo tu. Mhakiki anayeishia kwa Mtoro amebadilisha jina la aliyepakua, bado hajaingia jikoni.

Hitimisho

Sasa nifike kwenye langu, maana kulaumu Göttingen ni rahisi.

Mwaka jana, katika kozi ya fasihi simulizi, tulitumwa kukusanya ngano na misemo vijijini. Mimi nilikwenda Kerege, nikakaa jikoni, nikaandika ngano sita. Katika ripoti yangu msimulizi wa ngano zote sita ameandikwa hivi: "Mtoa habari Na. 4, mwanamke, miaka 70 hivi, mkulima." Na juu ya ripoti, kwa herufi kubwa, jina langu. Huyo Na. 4 ni bibi yangu. Hakuna Mjerumani aliyeniamuru. Fomu ilikuwa na nafasi ya namba, mimi nikajaza namba.

Nilimweleza. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alichukua sufuria yake kubwa, ile inayoazimwa mtaa mzima kukiwa na shughuli, akaipindua. Chini yake zimechorwa herufi mbili kwa msumari, za jina lake. "Chombo kikitoka nyumbani kinatiwa alama," alisema, "sio kwamba watu wezi. Watu wanasahau." Nikamwuliza, basi nimwandike jina lake katika makala haya? Akakataa: gazetini nisimtie, watu watasema anajitangaza, lakini kwenye ile karatasi ya chuo nimtie, tena na jina la mamaye, maana ngano mbili ni za mamaye. Nimefanya vyote viwili kama alivyotaka. Nimejifunza kuwa haki ya jina haiko kwenye kutajwa peke yake. Iko kwenye kuulizwa, na Mtoro hatuna dalili kwamba aliulizwa.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni machache na yanatekelezeka. Kwanza, katika insha zetu tuache kuandika "Velten anasema". Tuandike: Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake, 1903, mhariri Velten. Pili, walimu wetu watukate alama tukikosea hilo, kama wanavyotukata kwa nukta na mkato. Tatu, fomu za ukusanyaji ziwe na nafasi ya jina, na msimulizi aulizwe kama analitaka liandikwe au hapana. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambulia mtunzi haki ya kutajwa katika kazi yake. Ngano za bibi ni za wengi, najua, na wanasheria watabishana. Lakini namna alivyozisimulia yeye, jioni ile, kwa sauti ile, ilikuwa kazi yake.

Ripoti nimeiomba idarani niirekebishe. Nimeambiwa imeshahifadhiwa, labda nibandike karatasi ndani. Nitabandika.